Mizabibu ya Afrika na Divai ya Altare

Kila Padre anapoadhimisha Misa Takatifu, mtumikiaji humletea vichupa viwili, kimoja cha maji na kimoja cha divai. Maji tunayajua yalikotoka, kwa maana tumeyateka sisi wenyewe. Lakini divai je? Wakristu wengi wamebatizwa, wamefunga ndoa, na wamewazika wazazi wao mbele ya altare ile ile, wala hawakuuliza hata siku moja: Divai hii imetoka shamba la nani? Nani aliyezikamua zabibu zake? Ilifikaje hapa Kakontwe, mahali pa mawe ya chokaa, ambapo hakuna mtu alimaye mizabibu?

Habari hizi zafaa kujulikana. Maana katika sala ya kutolea vipaji Padre humshukuru Mungu kwa ajili ya tunda la mzabibu na kazi ya mikono ya watu. Ni vema basi tujue mikono hiyo ni ya akina nani. Tena tutaona kwamba mingi kati yake ni mikono ya Waafrika wenzetu.

Kwa nini zabibu, wala si kinywaji kingine

Babu zetu hawakukosa vinywaji. Watu wa Katanga walijua kutengeneza mbote kwa asali, na munkoyo kwa mahindi na mizizi ya porini. Ndugu zetu wa Kivu hukamua ndizi na kupata kasiksi. Mahali penye michikichi watu hugema tembo asubuhi na jioni. Vinywaji hivyo vilikuwa na heshima yake: vilinywewa penye arusi, penye kupatanisha wagomvi, na penye kuwakumbuka wazee waliokufa.

Lakini Bwana wetu Yesu Kristu, usiku ule wa mwisho, alishika kikombe cha divai ya zabibu, kama ilivyokuwa desturi ya Wayahudi katika karamu ya Pasaka. Kanisa limeshika jambo hilo tangu mwanzo. Mtaguso wa Firenze ulilieleza wazi mwaka 1439, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 924, inaagiza kwamba divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Maji yanayotiwa ndani yake ni kidogo tu.

Jambo hilo limewapa Waafrika wengi maswali. Tangu miaka ya 1970 wako wanateolojia wa bara letu, kama Padre Jean-Marc Ela wa Kameruni, waliouliza hivi: Mkulima wa mtama, ambaye hajapata kuuona mzabibu, atatoleaje matunda ya kazi yake? Swali hilo si la dharau. Limetoka katika mapendo ya watu na ya nchi. Lakini Kanisa halikubadili neno. Hata Misa ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, yenye nyimbo na michezo yetu na ukumbusho wa mababu, ilibaki na mkate wa ngano na divai ya zabibu. Sababu yake ni hii: Ekaristi hatukuibuni sisi, tuliipokea. Kila taifa, hata lile lenye mizabibu mingi, limeipokea kwa mkono wa wengine.

Basi, kama divai ya zabibu haina budi, wamisionari waliipataje katika nchi isiyo na mizabibu?

Divai vichwani mwa wapagazi

Katika ufalme wa Kongo, ambako mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, divai ilifika kwa merikebu za Wareno. Pwani ilikuwa karibu, kwa hiyo shida haikuwa kubwa mno. Lakini sisi wa bara tulikuwa mbali na bahari zote mbili.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe huko Algeria mwaka 1868, aliwatuma wanawe wa kwanza kwenda kwenye Maziwa Makuu mwaka 1878. Waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni. Njia yao ilipita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikaenda Tabora, kisha Ujiji. Padre Pascal, mkuu wa kundi lililokwenda Tanganyika, alifia njiani mwezi wa Agosti, asilione ziwa alilotumwa. Wenzake walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, baada ya safari ya miezi kama saba.

Katika safari hiyo ya zaidi ya kilomita elfu moja, kila kitu kilichukuliwa na wapagazi: nguo za kulipia hongo, dawa, vitabu, vyombo vya Misa, na divai. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: divai hupenda kukaa mahali pa baridi na giza, bila kutikiswa. Hapa ilitikiswa kutwa kucha, tena ilichomwa na jua la Ugogo. Divai hafifu ikitendewa hivyo, hewa ikiingia, hugeuka siki, na siki haifai kwa Misa. Padre aliyefika kituoni na divai iliyoharibika alikaa bila Misa mpaka msafara mwingine uje, labda baada ya miezi mingi.

Ndiyo maana wamisionari walipenda divai nzito na tamu, yenye nguvu ya kustahimili safari. Mwishoni mwa karne ya 19 Roma iliwaruhusu watengenezaji waongeze pombe kidogo katika divai ya Misa ili isioze, kwa sharti pombe hiyo nayo itokane na zabibu, na nguvu yake yote isipite kipimo kilichowekwa. Hata divai ya zabibu kavu iliruhusiwa, kama ina rangi na ladha ya divai ya kweli. Kwa njia hiyo Misa zilisomwa Mpala, kituo ambacho Mapadre Weupe walikabidhiwa mwaka 1885 kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa Tanganyika, na baadaye Baudouinville, ndiyo Moba ya leo.

Majina ya mapadre wa safari zile yameandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, karibu yote yamepotea. Wengine hawakuwa Wakristu kabisa. Hata hivyo ndio waliochukua divai ya Misa za kwanza za nchi yetu, na tunapoomba kwa ajili ya marehemu ni haki tuwakumbuke nao.

Mapadre wakulima wa mizabibu

Wengi hudhani kwamba divai ni kitu cha Ulaya tu. Sivyo. Upande wa kaskazini wa Afrika mizabibu ni ya zamani sana. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, aliishi katika nchi yenye mizabibu.

Mwaka 1843 wamonaki Watrapisti walijenga monasteri yao huko Staouëli, karibu na mji wa Algiers, wakafyeka vichaka na kuotesha mizabibu. Divai yao ilijulikana mbali, mpaka walipoondoka mwaka 1904. Mapadre Weupe nao walikuwa na mashamba ya mizabibu huko Maison-Carrée, penye nyumba yao kuu, wakatengeneza divai tamu ya zabibu za muskati, zile zenye harufu nzuri hata kabla ya kukamuliwa. Mwaka 1895 walianza kazi nyingine kama hiyo huko Thibar, katika Tunisia.

Wakati ule mizabibu ya Ufaransa ilikuwa imeliwa mizizi na mdudu mdogo sana aitwaye filoksera, na divai ya Algeria ikapata soko kubwa. Baada ya uhuru wa Algeria, mwaka 1962, mashamba mengi ya mizabibu yaling'olewa, na ngano na mazao mengine yakachukua nafasi yake.

Reli yafika Katanga

Kwetu Katanga ya kusini mambo yalibadilika kwa reli. Treni ya kwanza ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikitoka kusini. Mwaka huo huo Wabenedikto wa monasteri ya Mtakatifu Andrea, karibu na Bruges huko Ubelgiji, walikabidhiwa misioni ya Katanga, na Padre Jean-Félix de Hemptinne akawa mkuu wao. Baadaye reli ilipanda mpaka eneo letu la Likasi na Kambove. Mwaka 1931 njia ya Lobito nayo ilifunguliwa, ikatuunganisha na bahari ya Atlantiki. Mji wetu uliitwa Jadotville tangu mwaka huo hata mwaka 1966, jina la Likasi liliporudishwa.

Tangu hapo sanduku la divai lililochukua miezi vichwani mwa watu lilifika kwa siku chache ndani ya behewa. Treni zile zile zilizochukua shaba kwenda baharini ziliweza kurudi na divai.

Lakini jambo jingine lilitokea, nalo ni la uchungu. Sheria za wakati wa ukoloni zilimzuia Mwafrika asipate kwa uhuru vileo vya Wazungu; vizuizi hivyo vililegezwa katika miaka ya 1950 tu. Wakubwa walisema ni kwa kumlinda, na ni kweli kwamba pombe kali zimewaua watu wengi. Lakini sheria iliyomkataza mtu mweusi ikamruhusu mweupe haikuwa ulinzi tu; ilikuwa pia kumfanya mtu mzima kuwa mtoto.

Na sasa tazameni kazi ya Mungu. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa wa Marungu, alipewa upadre na Askofu Roelens. Ndiye padre wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Siku ile mtu mweusi alishika kalisi mikononi mwake, akatamka maneno ya Bwana juu ya divai, miaka mingi kabla ya sheria ya nchi kumwamini Mwafrika na chupa ya dukani. Katika mambo hayo altare iliitangulia serikali.

Ugogo, nchi ya njaa iliyozaa zabibu

Tulisema kwamba msafara wa mwaka 1878 ulipita Ugogo. Wasafiri wa zamani waliiogopa nchi hiyo: jua kali, maji machache tena ya chumvi, njaa mara kwa mara, na hongo nyingi za kulipa. Asingekuwako mtu wa kuamini kwamba pale pale pangekuja kuwa nchi ya divai.

Mwaka 1935 Roma iliunda misioni ya Dodoma, ikawakabidhi mapadre Waitaliani wa Shirika la Mateso. Mapadre hao walitoka katika nchi ambayo kila kijiji kina mzabibu. Huko Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, waliotesha mizabibu ili wapate divai ya Misa bila kuingoja meli. Nayo ilishika. Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100, mvua zake ni chache na huanguka miezi michache tu, na mzabibu wapenda hivyo hasa. Adui yake si jua. Adui yake ni unyevu, unaoleta ukungu juu ya majani na kuozesha matunda yanapoiva.

Tena kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huupogoa mwenyewe kwa kisu, nao huchipua tena. Hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka, kwanza baada ya Januari, kisha mwezi wa Agosti au Septemba.

Kutoka shamba la misioni mizabibu ilienea vijijini, kama Mpunguzi, Mbabala na Hombolo. Serikali ya Tanzania nayo iliisaidia kazi hiyo. Huko Makutupora pana kituo cha uchunguzi, na jina lake limepewa aina ya zabibu nyekundu inayolimwa sana pale. Katika miaka ya 1980 kilikuwako kiwanda cha shirika la DOWICO. Kiwanda hicho kilipoanguka, wakulima waliona taabu kubwa. Zabibu si mahindi. Huwezi kuziweka ghalani. Zikiisha kuchumwa, siku chache tu katika joto zinaharibika. Wengine waliona mavuno yao yakioza, wakaing'oa mizabibu waliyoitunza miaka mingi. Baadaye wanunuzi wapya walikuja. Huko Hombolo kampuni ya CETAWICO, iliyoanzishwa na Waitaliani, iliotesha aina za kwao kama Aglianico, Teroldego na Marzemino, pamoja na Chenin nyeupe ya Ufaransa.

Divai nyekundu ya Dodoma, ile isiyotiwa utamu, ina rangi nzito na ladha ya ukali kidogo inayoshika ulimi. Inafaa kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma. Atakayeionja akumbuke kwamba chanzo chake kilikuwa kichupa kidogo cha altare.

Divai nyingine za Afrika zisizojulikana sana

Dodoma haiko peke yake. Katika milima ya Madagaska, kandokando ya mji wa Fianarantsoa, wakulima Wabetsileo wanalima mizabibu penye vilima vilivyo karibu na mashamba ya mpunga. Divai zao ni nyekundu, nyeupe, na hata ya rangi ya kijivu inayokaribia waridi. Watrapisti wa Maromby nao wana mizabibu yao, kwa maana kanuni ya Mtakatifu Benedikto yataka mmonaki ale kwa kazi ya mikono yake.

Kule Ethiopia Wakristu wa zamani, ambao Kanisa lao ni la tangu karne ya nne, walipata njia yao wenyewe: huloweka zabibu kavu katika maji, wakazikamua kwa ajili ya altare. Nyumbani hunywa teji, divai ya asali inayochachuliwa kwa majani machungu ya gesho. Mtu wa Katanga anayejua mbote ataitambua kama ndugu. Karibu na ziwa Ziway kampuni ya Wafaransa imeotesha mizabibu mingi, na chupa zake za kwanza zilitoka mwaka 2014.

Kenya ina mizabibu katika Bonde la Ufa upande wa Naivasha, na divai mojawapo imepewa jina la leleshwa, kichaka chenye harufu nzuri kinachoota pale. Kabla ya hapo Wakenya walijulikana pia kwa divai ya papai.

Na huko Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, zabibu za kwanza zilikamuliwa mwaka 1659. Divai tamu ya Constantia ilipelekwa hata kwa Napoleon alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha Mtakatifu Helena.

Divai za papai, za asali na za ndizi ni vinywaji vyema vya mezani na vya sherehe. Lakini, kama tulivyokwisha kusema, hazifai kwa altare, hata ziwe safi na tamu namna gani.

Na Katanga je?

Mtu aweza kuuliza: Kama Ugogo uliweza, mbona sisi tusiweze? Kakontwe yetu inajulikana duniani kwa mawe yake. Wachunguzi wa miamba wamelitumia jina hilo kwa tabaka zima la chokaa linalofika mpaka Zambia, na madini ya Kipushi yamo ndani ya tabaka hilo hilo. Nao walimaji wa Champagne, huko Ufaransa, husifu sana udongo wao wa chokaa. Likasi iko juu karibu mita 1,300, na kiangazi chetu ni kirefu, tangu Mei hata Septemba.

Lakini tusijidanganye. Mvua zetu ni nyingi kupita za Dodoma, na ukungu ungeimaliza mizabibu isiyotunzwa. Ingekuwa lazima kuipogoa kwa hesabu, ili matunda yaive wakati wa kiangazi, na kuinywesha maji. Zaidi ya hayo, habari ya DOWICO inatufundisha kwamba kuotesha ni nusu tu ya kazi. Asiye na mnunuzi wa hakika na pipa la hakika, afadhali aendelee na mahindi yake. Ikiwa kuna mtu au monasteri itakayojaribu, na ianze kidogo kama Bihawana.

Na yeyote atakayetaka kutengeneza divai ya Misa ajue kwamba haitoshi kuandika neno la Misa juu ya chupa. Mwezi wa Juni 2017 Roma iliwaandikia maaskofu wote ikiwakumbusha wajibu wao wa kuangalia mkate na divai ya Ekaristi, kwa sababu siku hizi vitu hivyo huuzwa hata katika maduka ya kawaida. Divai iliyochanganywa na vitu vigeni haifai. Mtunza sakristia mwaminifu huuliza imetoka wapi, huifunga vizuri, huiweka mahali pa baridi, na huinusa kabla ya kuiweka mezani. Kazi yake haionekani, lakini bila yeye Misa yaweza kuharibika.

Kunywa kama Wakristu

Neno la mwisho. Maandiko Matakatifu hayaitukani divai. Mzaburi anaisifu kwa sababu yafurahisha moyo wa mtu. Paulo anamshauri Timoteo anywe kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Bwana wetu alifanya ishara yake ya kwanza penye arusi ya Kana. Lakini Maandiko hayo hayo yanatuonyesha aibu ya Noe aliyelewa hemani mwake.

Katika mji wa machimbo kama wetu hatuhitaji mtu wa mbali kutueleza ubaya wa ulevi. Tunaijua lutuku. Tunazijua nyumba ambazo mshahara wa mwezi uliishia njiani, na watoto wakafukuzwa shuleni kwa kukosa malipo. Divai nzuri hainywewi kwa haraka, wala hainywewi kwa kujificha. Hunywewa pamoja na chakula, na wenzi, na mazungumzo; glasi moja yatosha, na mke na watoto hawaiogopi.

Basi Dominika ijayo, Padre atakapokiinua kikombe, tukumbuke kwamba kabla ya kuwa Damu ya Kristu divai ile ilikuwa jasho la watu: mkulima wa Mpunguzi, mmonaki wa Maromby, mpagazi aliyefia jangwani bila jina. Mungu hakukataa kuitumia kazi yao. Tumwombe asikatae na yetu.